Ofisi ya Mkurugenzi, Piga Hodi

Jumamosi, 2 Machi

Nimecheka mpaka meno ya bandia yamelegea. Kampuni ya Kitambi imeanguka chali! Ndiye yule mkurugenzi aliyenifukuza ulinzi, eti nimelala getini. Sikulala — nilifumba macho ili nisikie vizuri. Leo viti vyake, meza zake, hata jagi la maji, vyote uani vinanadiwa. Nikachukua ruta, lile dude la kugawa mtandao. Jeusi, zito kama tofali, taa mbele kama gari la bosi. Dalali akaonya: mali inauzwa kama ilivyo, ukishatoka nayo getini usirudi na maneno. Nikamwambia geti hili nalijua kuliko wewe.

Mwenye haja nalo ni binti yangu, kitinda mimba. Anapokea simu za wateja kwa kompyuta, chumbani kwake, hapa hapa nyumbani. Mtandao ulikuwa ukikatika kama pumzi ya mgonjwa. Amelichomeka — taa za kijani! Baba, wewe kiboko, akasema. Kile kiruta chetu cha zamani nimekigonga nyundo, kwa mbwembwe tu.

Ila lile jina la kampuni ya Kitambi kwenye lebo, juu ya namba za ruta, limenichefua. Mtumba si hufuliwa kwanza? Nimeibandua lebo kwa mvuke wa birika, nikaibandika kwenye kibao kwa gundi ya viatu. Chini yake nimeandika kwa rangi: OFISI YA MKURUGENZI. PIGA HODI. Kibao nimekipigilia mlangoni mwa choo.

Jumapili, 3 Machi

Tumbo limechafuka. Siku nzima niko kikaoni na mkurugenzi.

Jumatatu, 11 Machi

Taa nyekundu! Binti alikuwa katikati ya simu, mteja akabaki anaongea na ukuta.

Kumbe ruta hili haliendi bila leseni, na leseni ilikuwa ya Kitambi. Ilikuwa imebakiza siku chache, zimekwisha. Nikampigia wakala wa watengenezaji. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya asali. Mzee, chombo ni chako, leseni si yako, haihami na chombo. Basi niuzie nyingine, nikasema. Hawezi! Chombo bado kimesajiliwa kwa jina la kampuni ile. Mpaka kisajiliwe kwangu, sipati leseni, sipati sapoti, sipati hata pole.

Nimenunua ng'ombe, naambiwa chuchu ni za jirani! Nikamtukana. Akanishukuru kwa kupiga simu. Hapo ndipo aliponiua.

Jumanne, 12 Machi

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga waliona mbali, ila hawakutaja kwamba hata ya kununua haisitiri.

Ofisi ya binti imempa mpaka Ijumaa. Mtandao usipotulia, ahamie makao makuu — mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Ruta jipya la namna hii hatuliwezi.

— Baba, si ungeuliza kwanza?

— Niulize nini? Sufuria ya mtumba ina leseni?

— Sufuria haikumbuki aliyeinunua mwanzo, Baba. Hili linakumbuka.

Kisha akashusha sanduku lake juu ya kabati. Eti analifuta vumbi. Asiye na safari hafuti vumbi sanduku. Nimemwambia aende tu, nitapata nafasi ya kukoroma. Akaendelea kufuta. Vyumba vinne nyumba hii. Nitakoroma vyote?

Jumatano, 13 Machi

Nimempigia tena yule wa asali. Safari hii nimeanza na shikamoo, mimi mzee mzima! Akacheka, akaeleza. Mwenye chombo wa kwanza aandike kwamba amekiachilia. Kumbe mashine nayo hutaka talaka! Halafu apigwe picha amekishika pamoja na lebo yake halisi, namba zisomeke. Kwa nini? Wezi wamekuwa wengi, anasema.

Lebo ipo, mzee? Ipo, nikasema. Mahali salama.

Binti kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kakumbuka Ijumaa, kaacha.

Mvuke haukufua dafu. Wembe umechana kona, nikaacha kabla haujazila namba. Gundi ya viatu! Viatu vyenyewe huachama baada ya wiki, hii imeng'ang'ania kama kupe. Basi, kibao kizima kitakwenda kwa Kitambi. Maneno yangu nimeyapaka chokaa.

Alhamisi, 14 Machi

Chokaa imekauka. Herufi zinachungulia. Nimepaka tena.

Niko nje ya nyumba ya Kitambi. Mlinzi wake kanipokea: wewe nani, unamtaka nani, una miadi? Maswali yangu yale yale, na ile sauti ya puani! Nikajieleza. Kaa pale kwenye benchi, mzee. Nimekaa. Ruta mapajani, kibao kwapani, jua utosini. Mlinzi mwenyewe anasinzia, mbwa huyu. Simwamshi.

Ametoka! Ndala, shati limepwaya. Kitambi hana kitambi.

— Aa! Si wewe yule wa kulala getini?

Jibu nilikuwa nalo. Nimelinoa miaka. Nikaliona mawazoni sanduku la binti limesimama sebuleni kwetu. Nikalimeza jibu, likapita kama mwiba wa samaki.

— Ndiye mimi, mkurugenzi.

— Hakuna tena anayeniita hivyo, akasema.

Akaliangalia ruta kama mtu aliyekutana na mke wa zamani sokoni. Akasema atasaini, mbona jambo dogo. Lebo iko wapi? Nikamwonyesha kibao kwa mbali. Ameingia ndani kutafuta miwani aisome vizuri.

Naandika haraka. Jasho la kwapa limelowesha chokaa. PIGA HODI imeshatoka yote. Nikifuta inazidi. Nikifunika kwa kidole gumba nafunika na namba. Nimkimbie? Kesho Ijumaa.

Ndala zinakuja, na anaimba: hodi, hodi, mkurugenzi —