Friji Haina Ugonjwa

Jumatatu, 3 Machi

Maziwa yamechacha. Nimeyatia kwenye chai yakakatika vipande vipande. Nimemwaga yote, nikafika ofisini nimenuna.

Friji ya fundi friji kuharibika! Miaka thelathini na minne mume wangu amezunguka mji huu akifufua friji za watu. Fundi Baridi — wako wasiojua kama ana jina jingine. Sasa kastaafu, na ya kwake inachachisha maziwa. Mganga hajigangi.

Nimemwambia. Kacheka, akasema ataiangalia. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Nimetoka kumweleza habari ya chai!

Si maziwa yanayoniuma. Ni kichupa changu cha insulini. Rafu ya katikati ya mlango alinitengea mwenyewe mwaka ule nilipoambiwa nina sukari, akabandika karatasi kwa herufi zake kubwakubwa: DAWA YA BIBIE. ISIGANDE, ISIPATE JOTO. Bibie ni mimi, tangu harusi. Sijawahi kumsikia akiniita kingine. Karatasi ikififia anaandika nyingine. Miaka kumi na mmoja najidunga sindano asubuhi mbele ya mwandiko wake.

Kichupa bado kina ubaridi kidogo. Kimesalimika, nadhani.

Jumatano, 5 Machi

Leo kinyume! Nimerudi saa nane mchana, nyanya zimekuwa mawe. Mayai mawili yamepasuka. Juu kabisa, chini ya barafu, glasi ya maji imeganda ikapasuka, vioo vimeingia kwenye mboga. Nimejikata kidole. Kile kitufe cha kuzungusha, cha namba za baridi, kiko kwenye saba. Jana kilikuwa tatu, naapa.

Glasi ya maji naijua. Ndiyo kipimo chake. Friji ya mteja akishaisafisha, anaipandisha saba, anaweka glasi juu, anakaa kusubiri. Maji yakianza kushika barafu ukingoni anasema "inavuta hii", anashusha hadi tatu, anaaga. Basi nikafurahi, mzee wangu kashika kazi! Nimemshukuru. Kasema hajaigusa friji. Utani wake huo.

Kitinda mimba wangu kapiga simu. Ati baba yake kampigia mara tatu asubuhi moja kuuliza mkoba wa kazi uko wapi. Anataka tumpeleke akapimwe kichwa. Nikamwambia baba yako ana miaka sabini, kusahau ni haki yake. Nikakata.

Nilikuwa mkali mno. Hasira ya nini, sijui.

Najua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa, nimemwita fundi Bisibisi. Kazi alijifunza kwa mume wangu, na sasa ndevu zake zina mvi. Kaingia na heshima zake zote, "Shikamoo mwalimu," kabla hata hajaweka mkoba chini.

Kaanzia mlangoni. Kabana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango, akakivuta: hakitoki, mpira mzima. Kaangalia nyaya za nyuma: hakuna hata vumbi. Hata kile kitundu cha kutolea maji kimezibuliwa. Kasema hajapata kuona friji ya zamani safi namna hii. Nikavimba kichwa. Kapima gesi, nzima. Mwishowe kasema itakuwa themostati, kile kifaa cha kurekebisha baridi, akaibadilisha.

Mume wangu muda wote yuko kitini, anamtazama mikono. Bisibisi alipofunga mkoba, kainuka, akapiga goti nyuma ya friji, akaweka sikio kwenye kompresa inayonguruma. Kafumba macho. Bisibisi na mimi tukasimama kama watoto wa shule.

"Friji haina ugonjwa," kasema. "Kuna mtu anaichezea."

Tukacheka wote. Nani, panya? Nikamwambia humu ndani tuko wawili, na mmoja kutwa yuko masjala anahesabu mafaili. Naye kacheka. Lakini mlangoni Bisibisi kachelewa kuvaa viatu. Kaniuliza kwa sauti ya chini mwalimu hajambo? Nikamwambia hajambo, mzee tu. Kasema sawa mama.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda sokoni, nimerudi nimekuta glasi nyingine imepasuka! Zile za maua, alizotuletea marehemu dada yangu. Zilikuwa sita. Zimebaki nne.

Nimepandisha sauti. Miaka yote ya ndoa sijampigia kelele namna ile. Nisione tena glasi kwenye friji hii, nimesema, hata moja, hata ya maji ya kunywa! Kasimama na kitambaa cha kufutia mkononi. Hakubisha. Kasema tu, "Sawa Bibie. Glasi basi."

Angebisha ningepona. Nimekwenda chumbani nikalia, si kwa sababu ya glasi.

Jumanne, 11 Machi

Friji imetulia. Maziwa mazima, nyanya nyanya. Themostati mpya imefanya kazi! Nimempigia Bisibisi kumshukuru.

Nikirudi kazini kila siku nakuta kitambaa kimeanikwa, kinachuruzika. Jiko linanuka siki. Na bwana kavaa ile ovaroli ya kazi isiyo na kifungo cha juu. Namuuliza ulikuwa wapi, anasema kwa mteja. Mteja gani tena! Nimemshonea kifungo. Alitulia nikiwa karibu naye, kidevu juu, kama zamani asubuhi kabla hajatoka.

Mimi ndiye sipo sawa. Kiu! Chupa nzima ya maji kabla ya saa nne, na safari za chooni hazina hesabu. Bosi kaniuliza kama nahamia huko. Sindano nadunga, kipimo kilekile, sijala kitamu chochote. Labda ni uchovu.

Alhamisi, 13 Machi

Zahanati. Sukari ishirini na mbili.

Muuguzi kadhani nimeacha dawa. Nikamtolea kichupa kwenye mkoba. Kakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza taratibu, akanionyesha: ndani kuna chengachenga, kama chumvi isiyoyeyuka. Kasema hii iliganda ikayeyuka. Unajidunga maji, mama.

Nikabisha! Kinakaa mlangoni, nikamwambia, mume wangu fundi friji, alinitengea mahali. Kasema basi mwambie fundi wako kuna kitu kinaganda humo. Kanishusha sukari kidogo kwa dawa yao, kanipa kichupa kipya, kimoja tu, stoo imekauka mpaka wiki ijayo. Kasema hiki nacho ukikigandisha, utaletwa hapa umebebwa.

Nimekirudisha mlangoni, kwenye karatasi yake. Nimepapasa rafu yote. Hapagandi pale! Hata kwenye saba hapagandi.

Nimemwita mume wangu nimwonyeshe. Kaisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno. Kasema, "Aliyeandika hivi alimpenda mtu."

Nimecheka. Nilidhani ananitania, tena kwa mapenzi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na nusu asubuhi. Naandika mezani jikoni.

Herufi kwenye mafaili zilikuwa zinaogelea, bosi akanirudisha nyumbani. Nimefungua mlango taratibu nisimshtue.

Ovaroli, imefungwa vifungo vyote. Plagi imechomolewa, imewekwa juu ya friji kama alivyokuwa akiwaambia wateja, isikanyagwe. Rafu zote nje, zimeoshwa kwa siki, zimesimamishwa dirishani zikauke. Yeye kapiga magoti, anafuta kona ya ndani kwa ncha ya kitambaa. Na anaimba kwa pua. Nikasimama pale mlangoni, Mungu nisamehe, dakika nzima nilifurahi. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzima kabisa.

Nilimwacha amalize. Kwa nini nilimwacha amalize? Karudisha rafu, kila moja mahali pake. Kachomeka plagi, kasikiliza. Kazungusha hadi saba. Kisha akanyoosha mkono mlangoni, akatoa kichupa changu. Akakifuta kwa leso. Akakiweka juu kabisa, kikagusa barafu iliyobaki.

Nikapiga ukelele. Kageuka. Wala hakushtuka. Kavua kofia.

"Karibu mama. Samahani, nimekuchafulia jiko kidogo."

Mama! Nikasema ni mimi. Kaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia mteja.

"Friji yako nzuri, mama. Nyumbani nina kama hii hii. Sasa tusubiri kidogo. Hicho kichupa hapo juu ni cha kupimia. Kikishika barafu, ujue inavuta, nakirudisha mahali pake."

Nikamuuliza kwa nini asitumie glasi.

Kainamisha macho, akatabasamu kwa haya.

"Glasi mke wangu amenikataza. Zinapasuka. Ukimuudhi yule, mama, hulali."

Nimekitoa. Kiko hapa mbele yangu kwenye sahani. Sijui barafu ilikiwahi au haikukiwahi. Nakigeuza, nakigeuza, macho yenyewe hayaoni vizuri. Sina kingine mpaka wiki ijayo. Na cha kwanza kimeharibika tangu Jumapili, tangu nilipopiga kelele. Mimi ndiye niliyesema glasi basi. Mume wangu akatii.

Na alisema mwenyewe, sikio kwenye kompresa. Tukacheka.

Simu yangu inaita. Kitinda mimba. Nimeitazama mpaka ikanyamaza. Nikipokea nitasema, na nikisema watoto watakuja kumchukua, na nisiposema nitapelekwa zahanati nimebebwa. Nani atamfungia kifungo?

Kasimama, kabeba mkoba. Kaniuliza kama nimeridhika na kazi. Nikasema nimeridhika sana. Kasema basi naomba mama uandike hapo kwamba kazi imekwisha, utie sahihi, niwahi nyumbani. Zamani wateja wote walikuwa wanamwandikia. Nikakuta nimefungua daftari hili. Ndiyo sababu naandika. Anadhani naandika karatasi yake.

Kakaa kwenye kiti cha mgeni, kile cha karibu na mlango, mkoba magotini. Mlango nimeufunga, ufunguo uko mfukoni mwangu. Anautazama mlango, ananitazama mimi. Hataki kunikosea adabu.

"Nisamehe kukuharakisha, mama," anasema. "Mke wangu ana sukari. Dawa yake iko kwenye friji yetu, na siku hizi kuna mtu anaichezea. Sijamjua bado. Sipendi kukaa mbali nayo."

Nimemwambia mkeo ana bahati. Kasema bahati ni yake yeye.

Simu inaita tena. Anauliza kama nimemaliza kuandika.

Nimesema bado kidogo.