Siku Niliyoimba Klabu ya Kanduyi

Mjukuu wangu Nekesa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: mimi nimeimba katika ile klabu ya muziki ya Kanduyi.

Hujambo huko Kitale? Huku Bungoma tu wazima. Dada yangu mkubwa, nyanya yako, amemaliza kuvuna mahindi. Bado anacheka kwamba mimi wa miaka kumi na minane pia ni nyanya yako.

Uliniuliza kwa nini watu wanaisifu sana klabu hiyo. Nilienda Jumamosi moja mchana, baada ya mtihani wa mwisho wa shule. Pale, tangu ilipofunguliwa, mwimbaji mgeni hutaja kwanza ukoo na mzazi wake, ndipo mzee wa litungu, kile kinubi chetu, ampigie nyuzi. Usipotaja, hupigiwi. Nilisimama mbele ya watu, nikataja ukoo wetu, nikaishia hapo.

"Msichana, umesahau baba yako?" mtu akanitania. "Si useme tu, bana!"

Nikamtaja baba. Mzee akashusha litungu, akanitazama.

"Baba yako ndiye alikuwa anakalia hiki kiti kabla yangu," akasema. "Yeye ndiye alinifundisha."

Baba! Huyu mzee wa kanisa, ambaye hatujawahi kumsikia akitaja muziki mwingine ila wa kwaya. Watu wakanipigia makofi kabla sijaimba. Niliimba wimbo mzima kama niko kwetu.

Nangoja baba anisimulie mwenyewe, kwa hiari yake. Kwa hivyo tafadhali, usimwambie yeye wala nyanya yako.

Ni mimi nyanya yako mdogo,
Nasimiyu