Lori la Mawe

Malava, Kakamega
Jumapili, mvua imeanuka kidogo

Mama yangu mpenzi, Bi Mwanasiti,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafasi ya kusali umesimama. Dada Mejumaa, ambaye najua ndiye anayekusomea, asome polepole na asiruke mahali. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimeanza na mwili kwa sababu hayo mengine si mazima.

Umenipigia simu mara tatu wiki hii na sikupokea. Unisamehe. Ungeisikia sauti yangu ungeanza kulia kabla sijasema neno, nami ningekudanganya ili unyamaze. Kwenye karatasi nashindwa kudanganya.

Huku mambo ni yaleyale. Kila alasiri mvua inashuka na radi zake, matrekta ya miwa yanazama kwenye tope, na mimi karani wa mizani nabaki peke yangu kibandani na kompyuta yangu kuukuu. Saa hizo za mvua ndizo nilizojifunzia ile kazi. Nakueleza tena, maana nasikia umewaambia watu wa Msambweni kwamba mwanao anapima upepo. Si upepo, mama. Nyota nzito zilizokwisha kufa zikigongana huko mbali, dunia yote hunyooka na kujikunja, kidogo sana, hata hakuna anayehisi. Ng'ambo kuna mashine zinazonasa mtikisiko huo, na wenyewe huweka rekodi zake wazi, mtu yeyote azichukue bure.

Ilinichukua karibu miaka miwili. Rekodi zimejaa kelele: ardhi inatetema, umeme unavuma, mashine yenyewe inaguna. Unajifunza kuziondoa moja moja, kisha unachukua mfano wa mlio ambao nyota zingeutoa, unaupitisha juu ya rekodi taratibu mpaka ushikane na kitu. Mara nyingi haushikani na chochote. Mwalimu wetu wa darasa la mtandaoni, daktari wa chuo kimoja cha ng'ambo ambaye sijamwona ila kwenye skrini, alituahidi kwamba atakayeleta kazi inayosimama imara atamtafutia nafasi ya kusoma kwake. Nafasi ilikuwa moja, na mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano. Unaujua umri wangu, wewe ndiye uliyenizaa.

Basi siku moja, katika rekodi za miaka ya nyuma, mlio ukashikana. Nikatazama mashine ya pili, nao ukawamo, umechelewa kwa kupepesa jicho tu, vile inavyotakiwa. Nikatafuta kwenye orodha ya milio iliyokwisha kutangazwa, haumo. Nilitoka kibandani mbio, nikasimama kwenye mvua. Mama Nanjala, mwenye nyumba ninayopanga, alikuwa akipita na mwavuli. "Karani, ni nyoka?" akaniuliza. "Hapo kwa mizani huwa inaingianga." Nikazidi kucheka.

Jioni hiyo ndiyo niliyokupigia. Nakumbuka ulivyosema Alhamdulillahi mara nyingi mpaka simu ikakatika. Kesho yake dada akaniambia umemtenga beberu mweusi na kumfunga kwa nadhiri: nikiitwa ng'ambo, achinjwe na maulidi yasomwe. Niliwaandikia wakubwa wa zile mashine nikiwa na picha ya beberu huyo kichwani.

Jibu limekuja Jumatatu. Lina mistari minne. Ule mlio si wa nyota yoyote. Wenye mashine waliutia wao wenyewe, kwa kuitikisa makusudi, ili wajue kama wasomaji wa rekodi wapo macho. Na kila wanapofanya hivyo huweka alama. Alama imo ndani ya faili lilelile nililolichukua, mama. Sikuifungua. Niliuona mlio, macho yakaingia kiwi.

Sasa nikwambie kinachoniuma zaidi. Hapa kwenye mizani, kila mwezi wakaguzi hutuletea lori lililojaa mawe ambayo uzito wake wanaujua. Huliingiza kwenye foleni katikati ya miwa, limefunikwa turubai, kimyakimya. Karani akiliandika kuwa ni miwa, ameumbuka. Dawa yake ni moja: soma karatasi ya dereva kwanza, ndipo utazame uzito. Vijana wote wapya hapa nimewafundisha mimi. Mzee Makokha, mkubwa wetu wa mizani, nilipomsimulia alivua kofia.

"Sasa Karani, wewe ndio unafundishanga watu rori ya mawe kira mwezi," akasema, "na rori ya mawe ndio imekupita?"

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Mganga hajigangi, lakini mimi hata kuugua sikujua kwamba naugua.

Nafasi amepewa mwenzangu wa darasani. Nimemwandikia mwalimu mara mbili, hajajibu, na mwakani umri utakuwa umenipita. Nimejaribu kuzifungua tena rekodi, na ninachokiona ni kelele tu. Najua utaniambia subira huvuta heri. Nakuomba, mama, mara hii usiniambie. Nimesubiri mpaka nimechoka, na heri siioni, wala sioni itapita njia gani kunifikia hapa.

Juzi lori la mawe lilikuja. Nilisoma karatasi kwanza. Uzito ukalingana, hata kilo moja haikupotea, na mkaguzi akanipa mkono akaniambia mimi ni karani hodari. Niliingia kibandani nikalia.

Nisalimie dada Mejumaa, asante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka. Nisalimie mjomba Bakari, mwambie ile suti ya safari aliyoniazima aivae yeye. Shangazi Mwanaidi aliyewatangazia wanawake wa chuo cha Kurani kwamba naenda ng'ambo, mwambie aseme tu nimekosa, asitafute maneno mazuri. Mama Nanjala anakusalimu, bado ananiwekea obusuma, ugali wao, jioni hata nikisema sina njaa.

Na beberu mfungue, mama. Nadhiri ilikuwa ya jambo likitimia, na halikutimia, kwa hiyo hakuna anachotudai Mungu. Usimtume mtu. Najua wewe, utasema tumwache kidogo, pengine wataandika tena. Hawataandika. Nenda mwenyewe na goti lako hilo, uifungue kamba kwa mkono wako, ndipo nami nitajua kwamba umenisikia.

Mwanao,
Hamisi