Shikamoo ya Njiani Msituni

Bibi yangu wa Mungaa, shikamoo hapo hapo jikoni ulipo.

Tulikuwa kwenye msitu ambamo watembea kwa miguu, ng'ombe na sisi wa baiskeli tunatumia njia moja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, miti inanukia vizuri. Wenzangu wa kazini walikuwa wanakimbizana. Mimi kila nikikutana na mzee nashuka, naamkia, kama ulivyonilea. Wakaniacha, wakinicheka: "Umekuja kuendesha au kuamkia?" Niliudhika, maana kuku wa kuchoma alikuwa anatungoja mwisho wa njia.

Kuna bibi mmoja alikuwa anachuma uyoga. Aliitikia marahaba, akanitazama. "Wenzako wamepita kama wanafukuzwa. Wewe nani amekulea?" Nikamwambia habari zako, hata umri wako. Akaijaza helmeti yangu uyoga.

Nilipofika kuku alibaki shingo tu. Nikaila nikicheka mwenyewe. Uyoga nimeuanika, ni wako.

Lakini kuna mzigo mwingine. Yule bibi alisema, "Kumbe amenizidi umri, ni dada yangu mkubwa! Mpelekee shikamoo yangu."

Basi itikia, Bibi. Nilimwahidi utaitikia.

Mjukuu wako,
Neema