Nilitia Sahihi Nikiwa Nimegeuka

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinitafute jina, sikuliandika kwa makusudi, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mtu wa aibu sana, darasani mwalimu akiniuliza swali jibu nalijua lakini linakwama kooni, kwa hiyo jambo hili sijamwambia mtu yeyote na nikilibeba wiki moja zaidi naona nitapasuka.

Baba yangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kimeshikana na nyumba yetu, ukitoka sebuleni umeshaingia kazini kwake. Alikunywa pombe kwa miaka mingi, na mimi nilijifunza kumsoma baba kwa mshono kabla sijajua kusoma kitabu, mshono ukinyooka yuko salama, ukienda upande basi najua. Mwaka jana mteja mmoja alirudisha suruali akamwambia, "Fundi, mguu huu unakwenda kazini, huu mwingine umeomba ruhusa," watu wakacheka, baba naye akacheka, kisha akaingia ndani akakaa kitandani na tepu yake ya kupimia bado shingoni, akalia. Baada ya siku hiyo akakubali mwenyewe kwenda kliniki.

Si ile ya kulazwa. Ni matibabu ya kwenda na kurudi, alikuwa anakwenda siku nne kwa wiki, anakaa kwenye kikundi na wenzake, anaongea na mtu wa ushauri, mchana anarudi kwenye cherehani yake. Na kila asubuhi anatakiwa ameze kidonge nyumbani mbele ya shahidi. Nesi alituonya kwamba kidonge hicho na pombe havikai tumbo moja, vikikutana mtu anaumwa vibaya, na hofu hiyo ndiyo inayomsaidia kujizuia. Shahidi anatia sahihi kwenye fomu. Mama anafua mashuka hospitalini na anatoka alfajiri, kwa hiyo shahidi nikawa mimi.

Fomu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya shuleni, baba haisomi. Imeandikwa kwamba mimi nimemwona kwa macho yangu akimeza, na nimemkagua mdomo. Baba nilimtafsiria kwamba ni sahihi tu ya kuonyesha ameamka salama. Ningemwambiaje, mshauri? Ningesimama vipi mbele ya baba yangu mzazi nimwambie fungua mdomo, inua ulimi? Siku ya kwanza alishika glasi ya maji akaniambia, "Geukia huko, karani wangu, baba yako si mbuzi wa kuangaliwa meno." Nikacheka, nikageuka, nikatazama ukuta. Akasema, "Tayari, gonga mhuri!" Nikaandika. Ikawa ndiyo desturi yetu, kila asubuhi yeye anasema geuka, mimi natazama ukuta, na nakuambia ukweli, nilizipenda asubuhi zile kwa sababu miaka mingi baba hakuwa akinitania.

Baada ya wiki sita nesi alizipitia sahihi zangu zote akamwambia baba, "Una bahati, Fundi, una shahidi mwaminifu." Akampunguzia siku, sasa anakwenda Alhamisi tu. Siku hiyo mama alipiga pasi huku anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia mama akiimba.

Jumamosi iliyopita kifungo cha shati langu la shule kilikatika. Baba alikuwa ametoka, nikafungua kopo lake la vifungo, nikazamisha mkono, na chini kabisa nikakuta vidonge. Vyeupe, vidogo, kama vifungo vya nguo ya mtoto, ila havina matundu. Nilivihesabu mara mbili. Kumi na tisa. Nikavirudisha, nikafunika kopo, nikafunga shati kwa pini, na mpaka leo nakwenda shule na pini kifuani, maana nikimwomba kifungo atalifungua kopo mbele yangu na sijui uso wangu nitauweka wapi. Jumatatu niliangalia gauni analoshona. Mshono umeanza kwenda upande. Na asubuhi ananuka pombe tena, anafunika kwa peremende.

Shida yangu ni hii. Mama alishasema tukiwa mezani wote watatu, "Safari hii ikishindikana, mimi nabeba nguo zangu." Nikisema, mama ataondoka, baba watamfungia huko kwenye kulazwa, kibanda kitafungwa, na chanzo cha yote ni sahihi yangu. Nisiposema, kila asubuhi nitaendelea kuandika kwamba nimeona. Leo asubuhi nimeandika tena.

Nifanye nini?

Mimi, karani wa baba

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nianze na la kukukaripia, tulimalize. Ulikosea. Uliandika kwamba umeona jambo ambalo hukuliona, na watu wa tiba wakampunguzia mgonjwa matibabu kwa kuiamini kalamu yako. Tena sahihi ulizoandika baada ya kufungua kopo, mpaka hiyo ya leo asubuhi, ni nzito kuliko zote za nyuma, kwa sababu ulikuwa unajua. Kesho usiandike. Akikuambia geuka, mwambie, "Baba, leo sitii sahihi," uchukue mkoba wako uende shule. Usibishane naye.

Basi, karipio lako limeishia hapo. Aliyempa mtoto kazi ya kukagua kinywa cha mzazi wake amekosea kuliko wewe. Hukugeuka kwa sababu wewe ni mwongo, uligeuka kwa sababu umelelewa. Na baba yako alilijua hilo, akajificha nyuma ya adabu yako mwenyewe. Nasema hivyo na bado namhurumia. Mtu anayetaka kudanganya tu, vidonge angevitupa chooni. Yeye kavitunza kwenye kopo ambalo yeyote wa nyumba hiyo anaweza kuzamisha mkono ndani yake. Alikuwa anangoja nini, sijui. Pengine hata yeye hajui.

Sasa nisikilize vizuri. Usimbembeleze ameze kidonge hata kimoja, nesi alishawaambia hatari yake, na huyo tayari anakunywa. Wala usiimwage pombe yake kwa hasira, maana mwili uliozoea ukinyimwa ghafla bila daktari unaweza kumgeuka mwenyewe. Ukimwona anatetemeka mwili mzima, anaongea na watu wasiokuwepo, au ameanguka kama mwenye kifafa, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Aibu itasubiri.

Kesho ukitoka shule pitia kliniki. Usingoje Alhamisi. Najua maneno yatakukwama kooni, kwa hiyo usiseme, andika. Mimi umeniandikia kurasa nzima, nesi anahitaji mistari mitatu: sikumwona akimeza, nimekuta vidonge kumi na tisa, anakunywa tena. Mkabidhi karatasi, kaa kwenye benchi, ngoja.

Unaogopa watamfungia. Nani kakuambia? Kati ya Alhamisi moja na kitanda cha kulazwa kuna ngazi nyingi. Wanaweza kumrudishia siku zake nne. Wanaweza kumtaka ashinde pale kutwa na kulala kwake. Mahali pengine wana vikundi vya jioni kwa watu wenye kazi, na wapo wanaomeza kidonge palepale mbele ya nesi, si mbele ya binti yao. Waulize wao wana nini. Kuurudia ulevi ni jambo ambalo watu wale wanaliona kila wiki, hawataanguka kitini. Na hata ikibidi alazwe, anayelazwa hutoka. Mimi ninayemwogopea ni mgonjwa ambaye nyumba nzima inamfichia.

Mama yako usimwambie peke yako. Mwombe nesi amwite, mkae naye watatu. Sitakudanganya, huenda akabeba nguo zake kweli. Mwanamke anayefua mashuka ya wagonjwa kutwa halafu akarudi kumuuguza mwingine nyumbani ana haki ya kuchoka. Lakini akiondoka, ataondoka kwa sababu ya pombe, si kwa sababu ya mwandiko wako. Hivi sasa anaimba kwa furaha ya jambo ambalo halipo, na wewe umesimama pembeni unamsikiliza huku unajua. Hicho ndicho kinachokupasua, mwanangu. Kitu kingine hakuna.

Ukarani wako umekwisha. Fomu warudishie, watafute mtu mzima.

Halafu hiyo pini itoe. Ukishatoka kliniki, chukua shati lako mpelekee baba kibandani, mwambie kifungo kimekatika. Akilifungua kopo, usigeuke. Na akikishona upande, livae hivyohivyo.