Nati Niliyoikazakaza

2 Mei

Mdogo wangu,

Nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma imepotea jana, Jumapili, saa nne na robo asubuhi, kati ya kituo cha mafuta na daraja. Nilikuwa mwendo wa arobaini. Pikipiki ikaanza kutikisa kiuno kama imesikia ngoma, ekseli ikachungulia nje kidole kizima, nikaisimamisha kwa miguu yote miwili. Soli ya kiatu cha kulia imekwisha. Goti limechubuka.

Sasa salamu. Baba hajambo, ukiacha magoti. Nawe natumai u mzima.

Gurudumu lile ulilifunga wewe, ulipokuja siku tatu kubadilisha cheni. Karatasi uliyoacha juu ya kiti ninayo: "Dada, cheni tayari, breki tayari, nati nimeikazakaza. Nawahi basi." Mimi niliyejifundisha ufundi kwa cherehani moja mbovu, bila mwalimu, nikihesabu kila skrubu mara mbili, nikaiamini karatasi! Zimebaki siku arobaini na saba tuanze safari. Ingetoka mlimani je?

Dada yako


8 Mei

Shikamoo dada,

Pole sana, na goti lipe pole yake. Mimi mzima, ila ghala limejaa, tunapanga maboksi mpaka migongo inatusema. Baba mpe shikamoo yangu.

Lakini soma vizuri. Sikuandika nimeikaza. Niliandika nimeikazakaza, yaani nimeishikiza kwa vidole, wewe umalizie kwa spana namba kumi na tisa, uliyokuwa umeisahau dukani kwako. Mtoto anayelialia analia kweli? Anayechezacheza na kazi anafanya kazi? Halafu wewe, bingwa wa kuhesabu mara mbili, ulipanda bila hata kuigusa?

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu mwanasheria,

Marahaba. Kitunguu kilichokatwakatwa kimekatwa kidogo? Suruali iliyochanikachanika bado utaivaa harusini? Kwangu mimi, kukazakaza ni kukaza ukarudia mpaka spana ikuombe msamaha.

Ila umenipata mahali pamoja: sikuigusa. Hilo nimelimeza, na halikuteremka vizuri.

Nati nimeiona. Nilianzia darajani kwa miguu, na kwenye hatua ya mia sita na arobaini ilikuwa imelala kwenye changarawe. Meno yake mazima kabisa. Imetoka kama mgeni aliyeaga vizuri. Nimeirudisha, nimeikaza kwa spana, nimeipigia mstari wa rangi nyeupe ili ikisogea nione. Oili mpya, plagi mpya, vali nimezipima.

Kesi nilimpelekea Baba bandani, akiwa anasugua kabureta kwa mswaki wa zamani. Akauliza, "Kati yenu kuna aliyeikaza?" Nikasema hakuna. "Basi mnagombea nini? Fundi hana kukazakaza. Amekaza au hajakaza." Akapuliza kabureta. "Na mwenzio, anakuja?"

Nikamwambia anakuja. Niambie kama nimemdanganya mzee. Pikipiki ni yake, njia aliichora yeye, na magoti yamemkatalia. Anachotaka ni kutuona sisi wawili tukitoka getini. Kilomita 1,140, siku sita, 190 kwa siku, tukipokezana. Peke yangu siendi.

Dada yako


1 Juni

Shikamoo dada,

Habari za siku nyingi? Baba aliamkaje? Nisamehe kwa kimya. Sisi huku salama.

Msimamizi nimemgusagusa kuhusu likizo, akaitikiaitikia. Begi nimelipangapanga. Siyo kwamba sitaki. Tangu ile barua yako ya kwanza, kila nikishika spana nakuona uko chini barabarani. Tuliza kichwa, dada: si suala la Kiswahili. Spana ilikosekana kwako, lakini ningeweza kuazima ya jirani. Nilikuwa nawahi basi. Ningekuua.

Acha nifikirifikiri.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba kaamka vizuri, kaoga, kaulizia barua.

Hukuniua. Nina kovu la sentimita tatu, na kiatu nimekishona mwenyewe. Mwaka juzi ulijiandaaandaa, hukuja. Mwaka jana ulikuwa njiani njiani, hukuja. Mara zote mbili sikukuuliza kwa nini, nikasema tu kwamba huna maana. Kumbe hata hapo sikugusa, kama nati ile. Kwa hiyo safari hii nauliza.

Kama ni mlima, zile kilomita thelathini na nane nitaendesha mimi, wewe kaa nyuma ufumbe macho.

Leo asubuhi nimeifungua nati ile ile. Nimeifuta, nimeiweka juu ya dirisha la banda, na spana kumi na tisa ubavuni mwake. Baba ameiona. Mimi siigusi tena, na jirani nimemkataza. Itakazwa na mkono wako, Jumamosi tarehe 18, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Baba tukitazama. La sivyo, pikipiki itabaki juu ya stendi yake.

Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anarudi Ijumaa hii, tarehe 10. Saa kumi jioni nitakuwa nimesimama kituoni, mkono wazi. Mpe karatasi yenye neno moja: unakuja, au huji?

Na ole wako uniandikie "nakujakuja".

Dada yako