Mwamrishe Mzee Avue Koti

Geita, 2 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Naandika barua maana simu yako ng'ombe kaikanyaga. Bado nafua ovaroli kambini mgodini, ila mkataba unaisha mwezi huu. Atakayebaki ni atakayefaulu Kiingereza cha nguo: kuvaa ni put on, kuvua ni take off, kutundika ni hang up, kukunja mikono ya shati ni roll up. Hata usingizini nayataja. Niombeeni.

Mwanao, Limi

Kishapu, 9 Juni 2024

Limi, marahaba.

Sisi wazima, tunavuna pamba. Barua yako imenichosha kabla sijaimaliza. Kuvua kwetu ni neno moja, wao mawili ya nini? Wanavua kwa awamu? Lakini soma. Ukikosa kazi utarudi huku, na mama yako ameshamkaribisha chai mchumba nisiyemtaka hata kumwona.

Baba yako

Geita, 17 Juni 2024

Baba, shikamoo. Poleni na pamba.

Mwili mzima, moyo hapana. Nimefeli. Walimsimamisha mbele yangu Mzee Donatus, mlinzi wa geti, rika lako kabisa, amevaa koti. Msimamizi, Mzungu, akataka nimwamrishe kwa Kiingereza alivue na kulitundika. Maneno nayajua, Baba! Lakini nimwambieje mzee vua? Ulimi uligoma. Nikamsogelea, nikamvua koti mwenyewe kwa adabu, nikalikung'uta vumbi, nikalitundika. Nimepata sifuri. Adabu mlizonilea nazo ndizo zinazonifukuzisha kazi! Narudia Jumatatu, mara ya mwisho.

Mwanao, Limi

Kishapu, 19 Juni 2024

Limi, marahaba.

Kwa hiyo kosa ni langu! Nikulee vizuri, lawama. Ningekulea ovyo, lawama. Haya. Jumamosi napanda basi nakuja na koti langu la kanisani, kwenye jua hili. Utaniamrisha mimi niliyekuzaa, nivae, nivue, nitundike, mpaka ulimi ulainike. Mama yako asijue.

Baba yako

Geita, 25 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini ulifika salama. Wapangaji wenzangu bado wanacheka wakikukumbuka pale uani, jasho linakutiririka, unanifokea: "Amrisha! Mbona unanibembeleza?" Nilikasirika mpaka nikalia. Lakini uliponitii wewe, niliona hakuna mzee mwingine atakayenishinda.

Jana Mzee Donatus alivua, akatundika, akavaa tena, akakunja mikono, yote kwa sauti yangu. Nimefaulu, Baba. Mkataba ni wa miaka miwili.

Msimamizi aliposema inatosha, nikapiga magoti mbele ya mzee nikamwamkia, nikamwomba radhi. Mzungu akauliza hilo nalo ni agizo gani la nguo. Mzee Donatus aliitikia marahaba, akanishika mkono akaniinua.

Asante kwa kuja.

Mwanao, Limi